Spika Ishirini na Nne za Kumsikiliza Mama Mmoja

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, kwa hiari yangu, bila kushikiwa fimbo, maana maisha yameshanifundisha kwamba ukichelewa kujitangaza mjinga, wenzako watakutangaza kwa kipaza sauti. Sasa niendelee na tangazo lenyewe.

Idara ya Usikilizaji wa Wananchi inapenda kuutaarifu umma kwamba, katika jitihada za kusogeza sikio la ofisi karibu na mdomo wa mwananchi, imekamilisha kwa mafanikio makubwa Zoezi la Ulinganishi wa Visikilizi vya Ndani ya Sikio. Zoezi lilichukua wiki tatu. Hakuna aliyeumia, ukiacha Mkurugenzi, naye hakuumia mwilini.

Visikilizi vya ndani ya sikio ni vile vidude viwili vyenye waya ambavyo mtaani vinaitwa hedifoni. Mtaani haviwezi kuitwa visikilizi kwa sababu mtaani havijapita kwenye kamati.

Mimi wakati huo nilikuwa Afisa Msikilizaji Daraja la Tatu, dirisha namba nne. Mwananchi anakuja na lalamiko, namsikiliza, nagonga muhuri, lalamiko linakwenda panapohusika au pasipohusika. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa. Tundu la kioo cha dirisha langu liko upande wa kushoto, hivyo sikio langu la kushoto limekua likalipita la kulia. Watoto wangu wakinichora shuleni, mwalimu hudhani wamekosea.

Basi Mkurugenzi akarudi kutoka kwenye semina, akatuita.

"Wananchi wanasema hatuwasikii," akasema. "Wataalamu wamegundua sababu. Ni masikio."

"Yamefanyaje, Mkurugenzi?" nikauliza.

"Yako wazi mno. Kila kitu kinaingia."

Nikaandika kwenye daftari: masikio, wazi mno.

Papo hapo ikaundwa kamati. Mwenyekiti ni Mkurugenzi mwenyewe. Katibu ni mimi. Mjumbe wa tatu ni Mtaalamu Mwelekezi wa Sauti, ambaye kwa bahati tu ni shemeji yake Mkurugenzi. Msianze kunong'ona. Alipatikana kwa ushindani wa wazi; alishindana na nafsi yake, na nafsi ilimtoa jasho. Uzoefu wake ni kupiga muziki kwenye harusi tatu, na mojawapo ya ndoa hizo bado ipo.

Mkurugenzi akanivuta pembeni. Zoezi likikubaliwa na makao makuu, akasema, kitaanzishwa Kitengo cha Visikilizi, na Mkuu wa Kitengo atapewa ofisi yenye mlango. Mtu aliyekaa dirishani miaka kumi na tisa, ukimtajia mlango, anatia saini chochote. Ningetia saini kwamba mimi ni ng'ombe, na ningeweka tarehe.

Washindani walikuwa watatu. Kanuni ya manunuzi inataka watatu. Ukiwa na wawili unaambiwa umependelea. Ukiwa na watatu unaambiwa umefuata utaratibu, hata kama wa tatu ni jiwe.

Namba Moja vilikuja kwenye boksi la mbao lililotandikwa kitambaa laini kama kitanda cha wageni. Spika ndogo sita kila sikio. Bei yake ni mshahara wangu wa miezi saba.

Namba Mbili vilikuja kwenye boksi lenye boksi ndani, na ndani ya boksi la ndani kulikuwa na barua ya kunipongeza. Spika ndogo kumi na mbili kila sikio. Yaani mwananchi mmoja akifungua mdomo, spika ishirini na nne zimeshakaa mkao wa kumsubiri. Bei yake ni mshahara wangu wa miaka miwili, mradi nisile.

Namba Tatu zilikuwa hedifoni za mlinzi wa getini. Tuliziazima ili watatu watimie.

"Ulizinunua bei gani?" nilimuuliza mlinzi, kalamu mkononi.

"Sikununua. Muuza duka alikosa chenji, akanipa hizi."

"Besi yake ikoje?"

"Besi siijui, bosi. Mimi nasikilizia mechi. Tena sikio la kulia tu, la kushoto lilikufa mwaka juzi."

Nikaandika: Namba Tatu, upande mmoja ni marehemu.

Ikaja hoja ya kupima. Mtaalamu alisema muziki haufai, kwa kuwa muziki hauna malalamiko rasmi. Tunahitaji, alisema, sauti ghafi ya mwananchi. Na Jumatatu ya kwanza ya zoezi, mwananchi wa kwanza kwenye foleni alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, pini tatu zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Tukamtoa foleni, tukamwingiza ofisini kwa Mkurugenzi, tukamkalisha mbele ya kinasa sauti.

"Nyote mtanisikiliza mimi?" akauliza.

"Sote watatu, mama," akasema Mkurugenzi. "Na mitambo."

Aliongea dakika nne. Kazi yangu ilikuwa kutazama taa ya kijani isije ikageuka nyekundu, na naweza kuthibitisha kwamba haikugeuka. Mtaalamu alifumba macho, akawa anatikisa kichwa polepole kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Mkurugenzi alikuwa anasoma ile barua ya pongezi ya Namba Mbili. Mama alipomaliza, Mkurugenzi aliinua uso akamwambia, "Asante sana, mama. Imeingia vizuri."

Mama akabaki anamtazama, kama mtu aliyekuja kugombana akakuta amewekewa kiti.

"Sikutegemea, baba," akasema. "Sikutegemea kabisa kwamba wewe ndiye utalipokea hivi. Mungu akuzidishie."

"Ndiyo kazi yetu," akasema Mkurugenzi.

Mlangoni mama aliniambia kwamba miaka yote ya kuzunguka maofisini hajawahi kusikilizwa mpaka mtu akafumba macho. Nikampa pole na hongera kwa pamoja, kisha nikarudi kujaza fomu. Kwenye sehemu ya ubora wa rekodi niliandika nusu ukurasa. Kwenye sehemu ya maudhui niliandika: Yapo.

Sasa, kwa kuwa rekodi ilikuwa inatumika kupimia, lalamiko liliondolewa kwenye Daftari la Malalamiko likahamishiwa Daftari la Vifaa. Nililiandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri, kati ya stepla na jagi la maji.

Zikaanza wiki za kazi nzito. Kila asubuhi tulijifungia, tukavaa kwa zamu, tukamsikiliza mama wa cherehani. Nimefanya kazi na watu wengi, lakini sijawahi kuona kamati inayozama kama ile.

"Neno 'ukuta' lina uzito," alisema Mkurugenzi, mkono kifuani. "Nimelihisi hapa."

"Subiri ufike kwenye 'mfereji'," akasema Mtaalamu. "Kwa Namba Moja ile herufi f inachubua. Kwa Namba Mbili inateleza."

Mkurugenzi akasikiliza tena. "Mfereji," akarudia kwa mahaba. "Mfereji. Kweli inateleza."

Kwenye dakika ya tatu kulikuwa na mlio fulani wa chuma. Ni kiti kilichokuwa kinalia wakati mama anaongea. Namba Moja vilitoa mlio huo kwa mbali. Namba Mbili viliutoa mpaka ukajua kiti kinahitaji mafuta. Tulitumia siku mbili kubishana kama unatokea kushoto au kulia. Tukapiga kura. Kushoto kukashinda, kura mbili kwa moja, na mimi niliyeshindwa niliagizwa niandike kwamba tuliafikiana.

Sitawaficha, nilinoga. Kwa miaka kumi na tisa dirishani nilikuwa na maneno mawili tu ya kitaalamu: "Subiri" na "Kesho". Sasa nilikuwa naandika kwamba sauti za kati zina joto, za juu zina hewa, na kwamba mwananchi anasikika kama amesimama kwenye ukumbi mpana ingawa analalamikia chumba. Ripoti ilifika kurasa kumi na moja. Namba Tatu nilizipa mstari mmoja: hazina joto, hazina hewa, zina selotepu.

Siku moja niliomba kwenda na Namba Mbili nyumbani kwa jaribio la mazingira ya kifamilia. Jioni nikakaa sebuleni, nimeziba masikio, mama wa cherehani ananitiririkia kichwani kwa spika ishirini na nne. Mke wangu akaja akasema jambo. Nikatikisa kichwa. Akasema tena. Nikatikisa tena. Kesho yake narudi kutoka kazini nakuta mama mkwe kakaa kwenye kiti changu, mabegi manne miguuni.

"Ulikubali mwenyewe," mke wangu akasema. "Nilikuuliza mara mbili. Ukatikisa kichwa ukasema, ina joto."

"Nilikuwa naongelea sauti."

"Sawa. Mama atakaa miezi miwili na hilo joto lako."

Jumatatu ya wiki ya tatu, mama wa cherehani akatokea dirishani kwangu. Ajabu ni kwamba sikumtambua mpaka alipofungua mdomo. Uso nilikuwa nimeusahau. Sauti ningeitambua hata chini ya maji.

"Kaka, lile lalamiko langu limefikia wapi?"

"Linaendelea vizuri sana, mama. Wiki iliyopita limepata themanini na nane."

"Kwa mia?"

"Kwa mia."

Akapumua. "Kwa hiyo Ijumaa hawaji?"

"Akina nani?"

Akaniinamia kwenye tundu la kioo. "Kaka, si wewe ulikuwepo pale?"

"Nilikuwepo. Ila naomba usinieleze yaliyomo. Mimi ni mwamuzi, mama. Nikijua maudhui nitaanza kupendelea."

"Tingatinga linakuja Ijumaa kubomoa chumba changu cha kushonea," akasema, polepole, kama anayemwelekeza mgonjwa. "Mle ndani kuna cherehani mbili, na nguo za watu, na ndimo ninamokula. Hilo nalo nisikueleze?"

Nilijitahidi nisilisikie. Lakini alikuwa amesimama upande wa kushoto, na sikio langu la kushoto lina mazoezi. Likaingia lote, likakaa.

Nikavuta Daftari la Malalamiko. Hakuna kitu. Nikavuta la Vifaa: stepla, lalamiko, jagi. Muhuri wa malalamiko haugongwi kwenye kifaa. Kanuni hiyo naijua kwa sababu niliiandika mimi, baada ya mwenzangu mmoja kugonga muhuri kwenye feni. Nikapanda kwa Mkurugenzi.

"Mkurugenzi, yule mama wa rekodi anabomolewa Ijumaa."

"Mkaguzi wa makao makuu anakuja Alhamisi," akasema, bila kuvua Namba Mbili. "Akishasikia na kuridhika, lalamiko litakuwa huru."

"Hiyo itakuwa Alhamisi jioni, mheshimiwa, na tingatinga ni Ijumaa asubuhi. Tulitoe sasa hivi, nigonge muhuri, halafu—"

"Unautaka mlango au huutaki?"

Basi ile siku ya mjinga kuwa mimi ndiyo hii. Ningeweza kumwambia mambo mengi pale, na yote nilimwambia baadaye, nikiwa kwenye ngazi, peke yangu, kwa ufasaha mkubwa. Nilichofanya ni kurudi dirishani na kumwambia mama aje Alhamisi akae kwenye benchi la nje ya ofisi ya Mkurugenzi.

"Kuna nini Alhamisi?" akauliza.

"Sijui, mama," nikasema. Na hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli kutoka dirisha namba nne tangu mwaka uanze.

Alhamisi Mkaguzi akafika. Cheo chake kamili ni Mkaguzi wa Thamani ya Fedha, kazi yake kuangalia kama kilichonunuliwa kinalingana na bei. Mzee mwembamba, shati la mikono mifupi. Alikataa chai. Alikataa na soda. Tukaanza kuogopa.

Mtaalamu akamvalisha Namba Moja, akampa kadi ya kujaza alama: besi, joto, hewa, upana. Mkaguzi akasikiliza.

"Nasikia feni," akasema.

"Hiyo ndiyo hewa," akasema Mtaalamu.

Akamvalisha Namba Mbili. Mzee akasikiliza kwa makini zaidi.

"Nasikia kiti kinalia. Na kuna mtu anameza mate."

"Ni mimi, mheshimiwa," nikasema.

"Yamemezwa kwa uwazi wa hali ya juu," akasema Mkurugenzi. "Hebu fikiria, mheshimiwa, afisa akiwa na kifaa kama hiki, mwananchi atamficha nini?"

Mkaguzi akavua. "Huyu mama anasema nini?"

Swali hilo halikuwamo kwenye kadi. Mkurugenzi akamtazama Mtaalamu. Mtaalamu akanitazama mimi. Mimi nikaitazama ripoti, kurasa kumi na moja, nikaziona zote zimekaa kimya.

"Anasema vizuri sana," akasema Mkurugenzi.

"Nimesikia anavyosema. Nauliza anasema nini."

"Mheshimiwa, tumemsikiliza mara arobaini na moja," akasema Mkurugenzi. "Mara arobaini na moja."

Mkaguzi hakubishana. Akanyoosha mkono kwenye Namba Tatu, akafunua selotepu kidogo, akachomeka ile ya kulia. Mtaalamu alitaka kumpa kadi, akaona hakuna cha kujaza: besi hakuna, joto hakuna, feni haisikiki, kiti hakisikiki, mate yangu yamepotea. Kilichobaki ni maneno tu. Mzee akaomba kalamu. Akaanza kuandika. Dakika nne nzima akaandika, na sisi tukawa tunasikiliza kalamu. Alipomaliza akageuza karatasi, akasoma kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu asomaye orodha ya vitu vya dukani.

"'Mimi ni fundi cherehani. Wapimaji walipita mtaani kwetu, wakasema ukuta uliojengwa juu ya mfereji ubomolewe, kwa sababu maji yanarudi majumbani. Ukuta uliojengwa juu ya mfereji ni wa jirani yangu wa geti la bluu. Wapimaji wakaingia kwake, wakakaa, wakanywa soda, wakatoka na kopo la rangi, wakaja kuweka alama nyekundu ukutani kwangu. Mimi siko juu ya mfereji. Mimi mfereji nauona kwa dirisha. Sikutaka kuleta hili hapa, maana jirani mwenyewe ni huyu baba aliyekaa mbele yangu, kwenye kiti cha kuzunguka.'"

Akaikunja karatasi. "Nani hukaa kwenye kiti cha kuzunguka?"

Mkurugenzi alijisogeza kidogo tu. Kiti kikalia.

"Kushoto," akasema Mtaalamu, kwa mazoea.

Mkaguzi aliomba ripoti yangu, akaifungua kwenye ukurasa wa thamani ya fedha, akafuta jina la mshindi, Namba Mbili, kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: Mlinzi arudishiwe hedifoni zake. Kisha akauliza kama mwenye rekodi anapatikana. Nikafungua mlango. Mama alikuwa pale kwenye benchi, anashona kifungo cha shati la mtu ili muda usipotee. Akaingia, akakaa kwenye kiti kilekile cha siku ile.

"Mama," akasema Mkaguzi, "agizo la kubomoa lilishatoka na tingatinga limeshakodiwa. Kulirudisha bila kazi ni hasara, na mimi hasara ndiyo ninayoifukuza. Kwa hiyo Ijumaa litakuja. Nitakachorekebisha ni ukuta. Unaweza kuwaonyesha mfereji ulipo?"

"Hata nikiwa nimefumba macho," akasema mama.

Hapo Mkurugenzi akasimama. Sijawahi kumwona amesimama muda mrefu vile. Akasema suala hili ni zito na linahitaji kamati. Akasema ukuta ule aliukuta, halafu akasema aliujenga kwa nia njema. Mfereji, kwa maoni yake, ndio uliomfuata yeye. Kila alipolitamka neno hilo nilijikuta naisikiliza herufi f, Mungu anisamehe, na ilikuwa inachubua.

"Utaratibu haujafuatwa," akasema. "Mimi nami ni mwananchi. Nina haki ya kusikilizwa kabla ukuta wangu haujaguswa."

"Dirisha namba nne liko wazi mpaka saa tisa," akasema Mkaguzi.

Mkurugenzi alinitazama. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nilitamani kuwa dirishani.

Akamgeukia mama. Sauti ikashuka, ikawa ya ujirani.

"Mama yangu, tusifike huko. Sisi tulikuheshimu. Ulikuja hapa, tukakupa kiti, tukakusikiliza mara arobaini na moja. Muulize katibu, yumo humu. Kamati nzima ilikubaliana kwamba una sauti nzuri. Basi na mimi nipewe nafasi niseme, mnisikilize kama tulivyokusikiliza wewe."

Mama akakata uzi kwa meno, akachomeka sindano kwenye ukosi, akaegemea kiti.

"Sema, baba," akasema. "Sauti yako nayo nzuri."